Mbwa Alisikia Mpaka Wapi

Mbwa wetu alikufa baba akiwa juu ya mnazi, katikati ya hadithi. Baba ndiye aliyekuwa akisimulia, na mbwa ndiye aliyekuwa akisimuliwa. Najua maneno haya yanachekesha kidogo, na mimi mwenyewe ni mtu wa kucheka, lakini nimejaribu kuanza kwa njia nyingine na kila njia imenirudisha hapohapo, chini ya mnazi ule.

Baba yangu ni mgema. Anapanda minazi ya watu hapa Utange, anakata karara, yaani lile ua la mnazi kabla halijapasuka, kisha anatundika kibuyu chini yake ili tembo, ile pombe ya mnazi, litone humo. Asubuhi anapanda, mchana anapanda kulichonga tena, jioni anapanda. Karara halijui Krismasi wala ugonjwa. Ukiliacha siku chache bila kulikata linajifunga lenyewe na kukauka, na huwezi kulibembeleza. Mama huuza hilo tembo nyumbani, kwenye viti vya mbao bandani, nami nauza viazi vya karai pale mbele njiani. Shule niliiachia kidato cha pili. Nina ndoto ya mkahawa wenye feni za darini na vikombe vinavyofanana vyote, na siku nikiufungua mtakuja, lakini hayo si ya leo.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo asiye mwenyeji huenda asilijue. Zamani sehemu hii ilikuwa shamba tupu, minazi imesimama peke yake. Siku hizi nyumba za kupanga zimejaa katikati ya minazi, na mabafu ya nyumba hizi ni mabati ya kusimamisha, juu wazi. Mwenye kuoga anaona mbingu, na mgema aliye juu anamwona mwenye kuoga. Ndiyo maana mgema hupiga hodi kabla hajaweka mguu kwenye mti. Husimama chini akaita kwa sauti, "Mgema juu! Jisitirini!" Wanawake huvuta kanga zao wakamwitikia, "Tumesikia! Panda!" Hapo ndipo hupanda. Mgema asiyeita si mgema, ni mchunguliaji, hata kama anaimba kwaya kila Jumapili.

Sasa, baba yangu ana kigugumizi.

Si kile cha kukwama mara mojamoja. Ni kile kinachomshika mtu shingo mpaka mishipa inatoka. Na herufi inayomtesa kuliko zote ni ile ya kwanza kwenye jina la kazi yake. Mama hunisimulia kwamba zamani, baba akiwa kijana, watoto walikuwa wakimfuata toka mnazi hadi mnazi kusubiri burudani. Yeye anasimama, anafungua mdomo, "Mge... mge... mge..." na wao wanamalizia kwa wimbo, "Mge-mge-mge, mgema amekwama!" Wanawake wanaoga wakamaliza, wakajifuta, wakavaa, na hodi bado haijatoka mdomoni. Mama huyasimulia haya akicheka, lakini huyasimulia baba akiwa hayupo.

Kisha akaja mbwa. Hakununuliwa wala hakuombwa. Alitokea jaani akiwa kitoto, mwili rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limechoka, akamfuata baba kazini. Baba alipopanda, kile kitoto kikadhani mtu wake amepotea mbinguni. Kikabweka. Mbili fupi, halafu moja ndefu iliyoishia kwa mlio mwembamba kama mlango unaotaka mafuta. Siku ya pili hivyohivyo. Baadaye akawa habweki tena kwa hofu, alibweka kwa kazi: baba akiweka tu kiganja kwenye shina, mbwa anapiga mbili fupi na moja ndefu, kisha anakaa kitako na kungoja majibu.

Hakuna aliyepanga. Mwanzo wanawake walicheka, halafu wakazoea, halafu wakawa wanamwitikia. "Tumesikia! Panda!" Hata bibi mwenye shamba, mama wa Kiislamu wa hapa tangu enzi, ambaye mbwa akipita karibu aliinua leso yake na kuhama upande mwingine wa njia, naye alimwitikia akiwa barazani kwake. "Tumesikia, panda," alisema, kwa adabu kuliko alivyowajibu wapangaji wake. Mbwa akisikia hivyo anageuza kichwa kumtazama baba, kana kwamba anamwambia, haya, mzee, njia ni nyeupe.

Jina alikuwa nalo. Baba alilitamka bila kukwama hata siku moja, kwa hiyo naliacha liwe lake.

Nilikuwa mdogo nilipogundua kwamba baba ana sauti mbili. Mama alinituma nimpelekee chakula cha mchana, na nilipokaribia nikasikia mwanamume anazungumza juu ya mnazi. Sauti inateremka kama maji. Anasema, anatania, anaigiza watu, anauliza swali na kulijibu mwenyewe. Nilisimama na sahani yangu nikimtafuta mtu huyo, maana baba yangu nilimjua, na baba yangu kusema "leta chumvi" ilikuwa safari. Nikatazama juu. Alikuwa yeye. Alikuwa akimsimulia mbwa habari za mtu fulani aliyeuza mbuzi sokoni Kongowea na mbuzi akarudi nyumbani kabla yake. Mbwa alikuwa amekaa chini, uso juu, na hadithi ilipoisha akapiga shina kwa mkia, mara kadhaa, tap, tap, tap. Baba akacheka huko juu.

Nilipokohoa kidogo ili ajue nimefika, sauti ile ikakatika. "Ka... ka... karibu," baba akasema.

Tangu siku ile nikawa nachelewesha chakula makusudi. Nasimama nyuma ya ua wa nyumba ya mwisho, nasikiliza. Mambo yote ninayoyajua kuhusu baba yangu, ujana wake, baba yake, njaa waliyoiona kule kwao bara ya Kaloleni, sikuambiwa mimi. Aliambiwa mbwa, nami nilikuwa jirani.

Siku aliyokufa ilikuwa ya kawaida, mbwa amezeeka, macho yana ukungu, anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Lakini kazini alikwenda. Kwenye mnazi wa mwisho wa mzunguko, ule ulio pembeni karibu na bonde, alibweka vizuri tu, nilimsikia. Niliposogea na sahani baba alikuwa keshaanza hadithi, na ilikuwa mpya. Sikuwa nimewahi kuisikia. Ilikuwa ya siku alipokwenda kumposa mama.

"Mjomba ndiye angesema kwa niaba yangu," sauti ikateremka, "na mjomba akalala na homa. Nikaenda peke yangu, mimi huyu, na dumu la tembo kichwani. Nikafika. Wazee wamekaa. Nikakaribishwa, nikakaa. Basi, babake akaniuliza, kijana, umekuja kutafuta nini?"

Hapo baba akanyamaza, kwa sababu alikuwa anafunga karara na kamba ameishika kwa meno. Nilingoja. Nilitaka sana kujua alijibuje, maana swali lile nilijua lingemnyonga. Kisha akaanza kushuka, akisema maneno mengine niliyoyasikia nusunusu kwa ajili ya upepo.

Akafika chini. Mbwa alikuwa amekaa palepale, ameegemea shina, uso juu, sikio moja limesimama. Baba akamgusa kichwa, na kichwa kikaenda upande.

Hatukulia kwa kelele. Baba alikaa chini, akamlaza mapajani, akawa anamtoa wadudu sikioni, mmojammoja, kazi ambayo mbwa hakuwa na haja nayo tena. Nami nilikaa karibu na sahani yangu mpaka samaki akaota nzi. Bibi mwenye shamba alipopata habari alituma mtu kusema, "Mzikeni hapohapo kwenye mti wake, ila mbali na kisima." Baba akachimba. Akamfunika kwa gunia, akamwekea kifuu cha nazi alichokuwa akinywea maji. Akamaliza, akachukua kisu na kibuyu, akarudi nyumbani, na jioni hakupanda.

Jioni hiyo wateja walikuja kama kawaida na kukuta tembo kidogo. Mmoja wao, mtu wa mizaha, akauliza, "Kwani tumwekee matanga? Tulale hapa mpaka arobaini?"

Mama akamnyang'anya glasi mkononi, ikiwa nusu. "Kalale kwako."

"Shemeji, nilikuwa natania tu."

"Nami natania. Nenda ukacheke nyumbani."

Baada ya hapo baba akaacha kusema kabisa. Hata kigugumizi chenyewe hakikusikika. Alikaa mlangoni, kisu kipajani, anakinoa, anakifuta, anakinoa. Mama alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Heri agugumie mpaka kesho kuliko hivi." Na huko nje makarara yalikuwa yanaanza kujifunga.

Nyumba ilikuwa imejaa yule mbwa kuliko alipokuwa hai. Alikuwa akilala kwenye kizingiti, kwa hiyo kila mmoja wetu aliendelea kuinua mguu juu pale mlangoni, akavuka kitu kisichokuwepo. Mteja mmoja aliniona nikipita na beseni la viazi nikaruka hewa, akatazama chini, kisha akanitazama mimi. Mama akikwangua sufuria ya sima, mkono wake ulirusha ukoko uani wenyewe, kabla hajakumbuka. Kuku waliudonoa. Mama akasimama na mwiko hewani, akawatazama kuku kama wezi.

Halafu ikaanza sauti.

Ilikuwa saa saba mchana, ule wakati ambao bibi zetu walitukataza tusizurure maana jua liko utosini na vivuli vimekimbia. Nilikuwa natumbukiza viazi kwenye mafuta. Nikasikia mbili fupi, moja ndefu, na kile kimlango mwishoni. Mbali, upande wa bonde. Niliinua uso. Kutoka bafu la nyumba ya pili jirani yetu mmoja akatoka mbio, povu mabegani, kanga kifuani, akaitikia kabisa, "Tumesikia! Panda!"

Tukatazamana. Baba alikuwa amekaa mlangoni nyuma yangu, kisu kipajani.

"Umesikia?" jirani akaniuliza.

"Nimesikia."

"Basi si mimi peke yangu," akasema, akakaa chini palepale mchangani na povu lake.

Ikarudi siku nyingine, na nyingine. Si kila mtu alisikia, na waliosikia hawakusikia wakati mmoja. Mwenye duka alisema ni masikio yetu yamezoea, ni kama saa ya ukutani iliyoondolewa, macho yanaendelea kwenda pale. Jirani mwingine akasema aitwe mchungaji aombe. Mimi sikutaka mtu aombe. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa naifurahia. Nilikuwa nakaa na karai langu nikiingoja kama mtu anayengoja simu.

Kilichotutoa katika hali ile ni kwamba baba, asubuhi moja, aliondoka na kisu chake bila kuaga, akapanda mnazi wa kwanza kimya. Nadhani alisahau. Alikuwa hajaita hodi kwa mdomo wake miaka mingi, na kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Aliweka kiganja kwenye shina, akangoja kidogo kwa mazoea, akapanda.

Kwenye nyumba ile kulikuwa na mpangaji mpya, dada wa kutoka bara, aliyehamia juzijuzi na hakuyajua ya mbwa wala ya hodi. Alikuwa anaoga. Akainua uso kumwagia nywele maji, na mbinguni akaona mwanamume.

"Woi! Woi! Kuna mzee juu ya mti ananiangalia!"

Sauti ile nadhani ilifika Bamburi. Waume wa watu wakatoka, mmoja ameshika fimbo ya ufagio. Baba akashuka haraka mpaka akachubuka mikono. Akasimama katikati yao, akafungua mdomo kueleza, na mdomo ukamfanyia kama kawaida. "Mi... mi... mi..."

"Anajifanya bubu sasa!" dada yule akapiga kelele nyuma ya mabati. "Mimi siwezi kaa plot kama hii. Mtu anakuchungulia na hata hawezi omba msamaha!"

Bibi mwenye shamba akaja polepole na bakora yake, watu wakampisha.

"Mwanangu, huyu si mchunguliaji," akamwambia yule dada. "Namjua." Kisha akamgeukia baba. "Lakini na wewe, baba, waniaibisha. Mbwa wako alikuwa na adabu, na wewe je? Hawa ni wanawake wa watu. Asiyeita hapandi kwangu. Ijumaa asubuhi yuwaja mgema mwengine kuitazama minazi. Ukija nawe ukaita, minazi ni yako kama siku zote. Usipoita, teremsha vibuyu vyako."

Baba akainamisha kichwa.

Nyumbani tukamzunguka. Mama akasema achukue debe awe analigonga. Akatikisa kichwa. Mama akasema anunue kipenga. Akatikisa kichwa. "Basi mchukue huyu," mama akanisukuma mbele, "mdomo wake unauza viazi mpaka kwa walioshiba."

"Baba, nitakuitia," nikasema. "Nitaita hadi waliovaa wajifunike tena."

Alitabasamu kidogo, kwa ajili yangu. Kisha akajaribu kusema, nasi tukangoja kama tunavyongojaga, tukitazama pembeni ili asione tunangoja. Ilichukua muda mrefu.

"Si... sijui," akasema. "Sijui a... a... alisikia mpaka wapi."

Mama hakuelewa. Alidhani anazungumzia wale watu wa asubuhi. Lakini mimi nilielewa. Alikuwa akisimulia bila kutazama chini, mikono na meno kwenye kamba. Wakati fulani katikati ya maneno yake, mbwa alikuwa ameondoka, na yeye akaendelea kumsimulia mtu asiyekuwepo. Kila siku mlangoni pale na kisu chake alikuwa akirudi kwenye hadithi ile sentensi kwa sentensi, akitafuta ni kwenye neno gani. Haikuwa hodi tu. Angepanda vipi mti na kumwita nani asikilize?

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya mgema mwingine kuja, sauti ikasikika tena, na safari hii kila mtu alisikia. Kubwa, wazi. Wanawake wakatoka bafuni, wengine na sabuni masikioni.

"Si mlisema huyo mbwa alikufa?" dada wa bara akauliza, amejifunga taulo, macho yamemtoka.

"Alikufa," jirani yangu akamjibu.

"Sasa huyo ni nani?"

"Ni yeye."

"Haki ya Mungu, nyinyi watu wa Pwani!" Akaingia ndani akafunga na komeo.

Nilitazama mlangoni kwetu. Baba hakuwepo. Nikaepua karai, nikaondoka na unga wa dengu mikononi, nikapita nyumba ya mwisho, nikasimama nyuma ya ua mahali pangu pa siku zote.

Alikuwa kwenye mnazi wa bonde. Amesimama, paji la uso ameliegemeza kwenye shina, kiganja kimoja kimeshika mahali palipong'aa kwa kuguswa naye miaka yote ile. Miguuni pake udongo wa kaburi ulikuwa bado haujashuka vizuri. Nilimwona anavuta pumzi. "Mge," akasema. "Mge... mge..." Mabega yakapanda mpaka masikioni. Akaacha. Akajifuta mdomo. Akaanza tena, akakwama palepale, akagonga mti kwa paji la uso, taratibu, mara moja.

Kisha akabweka.

Nimewahi kusikia watu wakiigiza mbwa. Wateja wa mama wakilewa huigiza mpaka punda. Ile haikuwa kuigiza. Alikuwa ni mbwa wetu, na kikohozi chake kidogo cha kabla, na mbili zake, na ndefu yake, na kimlango kilichotaka mafuta, vinatoka kwenye koo la baba yangu bila kukwama popote. Nilitazama kaburi kabla sijamtazama yeye. Nilirudi kinyumenyume, nikajikwaa kwenye kifuniko cha tangi la maji taka, nikakimbia.

Baadaye sana nilimwuliza. Nilimwuliza kama ni yeye aliyekuwa akibweka siku zote zile. Akaniambia, kwa shida yake, kwamba alijaribu mara ya kwanza baada ya yule dada kupiga kelele. Na zile za kabla ya hapo? Akatikisa kichwa. Na mimi nakumbuka vizuri kwamba mara ya kwanza alikuwa amekaa nyuma yangu. Sikuuliza tena. Kuna mambo ambayo mtu mchangamfu kama mimi anayafunika na sahani, aendelee na kazi.

Ijumaa asubuhi yule mgema mwingine alikuwa ameshafika, kijana wa Kisauni, waya za simu shingoni na kisu kipya kiunoni, amekaa barazani kwa bibi mwenye shamba akinywa chai. Baba akaja na kibuyu chake. Hakusalimia, na hakuna aliyemlaumu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mnazi wa kwanza, ule wa nyumba ya dada wa bara, akaweka kiganja.

Hata redio ya mwenye duka ilipunguzwa. Nilikuwa nimesimama kando ya baraza na beseni la viazi ambalo sikuwa na habari nalo.

"Mge," baba akasema. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. "Mge... mge..."

Bibi alikuwa ametazama kikombe chake.

Ndipo ikatoka. Mbili fupi, moja ndefu, na kile kimlango. Kuku walikimbia. Yule kijana akamwagikiwa chai mapajani, na kwenye nyumba zote zile hapakuwa na mtu aliyethubutu kupumua, maana kuitika ilikuwa ni kukubali, na hakuna aliyejua anakubali kitu gani. Baba hakugeuka. Alisimama uso kwenye shina, anangoja majibu kama mbwa alivyokuwa akingoja.

Bibi mwenye shamba akaweka kikombe chini. Akavuta leso yake kichwani, akaiweka sawa.

"Tumesikia," akasema. "Panda."

"Tumesikia! Panda!" akaitika jirani yangu mwenye povu. Na mwingine, na mwingine, nyumba kwa nyumba.

"Ngojeni basi nimalize uso!" ikatoka ndani ya mabati, sauti ya bara. Maji yakamwagika. "Haya! Panda, mzee!"

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka huku machozi yananiingia mdomoni, na baba akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza iliyochongwa kwenye mti.

Kijana wa Kisauni akasimama, akajifuta chai. "Bibi, mimi kubweka sijui," akasema, akaaga, akaenda zake.

Bibi akaniita. "Ndoo hapa, mwanangu. Mwambie babako, huyu mbwa wake yuna kikohozi. Amnyweshe tangawizi." Alisema bila kucheka hata kidogo. Akachukua viazi vyangu viwili, akageuza uso upande wa bonde, nikaona anajifuta macho kwa ncha ya leso.

Makarara mengine yalikuwa yameshakufa. Mengine yakakubali kisu. Mchana ule nilimpelekea chakula kwenye mnazi wa mwisho, na nilikwenda polepole, natembea na sauti mbele yangu. Nilipofika nyuma ya ua ilikuwa inateremka. Ilikuwa na mikwaruzo kama bomba lililokaa bila maji, lakini ilikuwa inateremka.

Alikuwa ameanza upya, toka mwanzo kabisa, kwa kuwa hakujua alipoachwa. Mjomba na homa yake. Dumu la tembo kichwani. Wazee wamekaa.

"Basi, babake akaniuliza, kijana, umekuja kutafuta nini? Nikafungua mdomo. Wewe unanijua. Neno likagoma. Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka. Nikasema moyoni, hapa naondoka, naliacha dumu, naondoka. Ndipo akatokea mlangoni, yule yule anayekupa ukoko. Ameshika kata ya maji. Hakunitazama. Akamwambia babake, mpe maji kwanza, mgeni ametoka mbali. Nikapokea. Nikanywa polepole. Nikanywa, nikanywa, mpaka neno likaja."

Kisha akanyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza hadithi ikiisha.

Chini ya mti hakukuwa na kitu, udongo tu na kifuu kimoja ambacho mvua ilikuwa imekifukua. Na nikasikia, naye akasikia, maana mikono yake ilitulia kwenye kamba: tap, tap, tap, kwenye shina, chini chini. Kuti kavu labda. Makuti hupigwa na upepo.

Huko juu, baba akacheka.